Avengers na Justice League walishapigana tangu 1969, ila hakuna aliyelitangaza

Mleta mada umeuliza kama ni kweli Avengers, timu ya mashujaa wa kampuni ya katuni ya Marvel, na Justice League, timu ya wapinzani wao DC, walikutana kabla ya kile kitabu rasmi cha 2003 kilichowakutanisha, na kama ni kweli uanze kusoma wapi. Ni kweli mkuu. Walikutana zaidi ya mara moja, na kwangu mimi mikutano ile ya chini kwa chini ni mitamu kuliko ya rasmi. Nakusanya katuni za zamani kwa miaka mingi, za karatasi nikizibahatisha kwa wauza vitabu vya mtumba, nyingine nazisomea kwenye tableti, na hili ndilo eneo ninalolipenda kuliko yote. Nivumilie nikirefusha.

Kwanza ujue mazingira. Marvel na DC zote zilikuwa New York. Kampuni ziligombania wasomaji, lakini waandishi na wachoraji walikuwa marafiki, wakialikana nyumbani, na wengi walihama upande mmoja kwenda mwingine. Mwaka 1969 Roy Thomas wa Marvel na Dennis O'Neil wa DC wakakubaliana kwamba kila mmoja atawapiganisha mashujaa wake na kivuli cha timu ya mwenzake, yaani wahusika wa kubuni wanaoiga timu ile kwa majina mengine. Thomas ndiye aliyelitimiza vizuri. Katika Avengers toleo la 69 na la 70 akaleta kundi la Squadron Sinister: Hyperion ni Superman, Nighthawk ni Batman, Doctor Spectrum ni Green Lantern, Whizzer ni Flash. Yeyote aliyekuwa anasoma DC aliwatambua palepale. Upande wa pili, Justice League of America toleo la 75, timu inapambana na nakala ovu za wenyewe, na dokezo ni hafifu kiasi kwamba ukilisoma peke yake huoni kitu. Hilo lisome kwa ajili ya historia tu.

Wakarudia tena, na safari hii pande zote mbili zilifanya kazi yake. Matoleo yote mawili yana tarehe ya Februari 1971. Katika Avengers la 85 mashujaa wanapotelea kwenye dunia nyingine na kukutana na Squadron Supreme, kundi la watu wema sasa. Katika Justice League la 87, lililoandikwa na Mike Friedrich, timu inakutana na mashujaa wa sayari ya Angor: Wandjina mwenye nguvu za radi, Silver Sorceress, Blue Jay anayejipunguza umbo, na mkimbiaji Jack B. Quick. Ukimjua Thor, Scarlet Witch, Yellowjacket na Quicksilver, huhitaji kuelezwa zaidi.

Lakini kama una muda wa kusoma kitu kimoja tu, nenda Rutland. Huo ni mji mdogo wa kweli katika jimbo la Vermont, Marekani, na kila Halloween kulikuwa na gwaride lililoongozwa na shabiki mkubwa wa katuni, Tom Fagan, ambako watu walivaa kama mashujaa. Waandishi wa New York walizoea kwenda huko. Mwaka 1972 watatu kati yao wakapanga jambo. Steve Englehart alikuwa anaandika habari za Beast katika Amazing Adventures ya Marvel, Gerry Conway alikuwa na Thor, pia Marvel, na Len Wein alikuwa na Justice League kule DC. Kila mmoja akaipeleka hadithi yake Rutland, usiku uleule wa gwaride, kisha wakajiweka wenyewe ndani pamoja na Glynis Wein, mke wa Len wakati huo, aliyekuwa mtia rangi.

Tafuta Amazing Adventures la 16, Justice League la 103 na Thor la 207, uyapange mezani kwa pamoja. Beast anapambana na Juggernaut. Justice League wana kazi na mchawi Felix Faust. Thor naye ana balaa lake. Na katikati ya yote wanapita marafiki walewale wanne. Kila toleo linajitosheleza, hakuna aliyeuziwa nusu ya hadithi. Hakuna mkataba uliosainiwa. Mashujaa wa kampuni mbili hasimu wapo mji mmoja, usiku mmoja, wala hawaonani. Sisi wasomaji ndio tunaowaona wote. Mimi hapo ndipo nilipoelewa kwa nini napenda katuni za miaka ile.

Kingine cha kutafuta ni kazi ya Steve Skeates. Alikuwa anaandika Aquaman wa DC, jarida likafungwa kwenye toleo la 56 mwaka 1971. Mwaka 1974 akapewa Sub-Mariner la 72 kule Marvel, akaianzisha hadithi mpya kutoka palepale alipoachia: mkono wa mtu tusiyemwona unabonyeza kitufe, setilaiti inalipuka, na masalia yake yanamletea matatizo Namor, shujaa wa bahari ambaye ndiye Sub-Mariner mwenyewe. Mkono ule ni wa Aquaman. Toleo hilo nalo likawa la mwisho la jarida hilo.

Kundi la Imperial Guard wa X-Men la 107 (1977) nawataja haraka. Mchoraji Dave Cockrum alikuwa amechora kundi la Legion of Super-Heroes kule DC kabla ya kuhamia Marvel, na akawachora upya karibu mmoja mmoja. Mwaka huohuo Invaders wa Marvel na Freedom Fighters wa DC kila mmoja alipigana na kundi linaloitwa Crusaders, ambalo kwa kweli ni timu ya upande wa pili. Inafurahisha, ila hadithi zenyewe ni za kawaida.

Sasa kwa nini nasema haya yanazidi ya rasmi? Katika mikutano rasmi kila kampuni hulinda heshima ya watu wake, hivyo pambano mara nyingi huishia sare. Mradi wa kwanza wa Justice League na Avengers ulikufa mwaka 1983 kwa sababu pande mbili zilishindwa kukubaliana juu ya hadithi, wakati mchoraji George Pérez alishaanza kuchora. Ilibidi kungoja miaka ishirini. Kivuli hakina wakili. Mwandishi wa Marvel, Mark Gruenwald, aliwachukua Squadron Supreme mwaka 1985, akawapa matoleo 12, na kuuliza swali ambalo DC wasingemruhusu kumuulizia Superman: itakuwaje mashujaa wakiamua kuitawala dunia kwa nia njema? Wananyang'anya watu bunduki, wanabadilisha akili za wahalifu kwa mashine, na Nighthawk analazimika kuwapinga marafiki zake. Ni hadithi nzito, yenye vifo visivyofutwa. Gruenwald aliipenda mno. Alipofariki mwaka 1996, majivu yake yalichanganywa kwenye wino wa kitabu kilichokusanya matoleo hayo, kama alivyoomba.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: yale matatu ya Rutland kwanza, kisha jozi ya 1971, kisha Squadron Supreme yote bila kuruka toleo. Ya Marvel yamekusanywa kwenye vitabu vya matoleo ya zamani, na kidijitali yanapatikana kwa urahisi kuliko karatasi. Kile cha 2003 kisome mwisho. Utawakuta Pérez na mwandishi Kurt Busiek wamekijaza wahusika ambao wakati huo utakuwa unawajua kwa majina.