Majibu ya fundi: kichupa cha nano hakichukui nafasi ya vidanje (kubadilisha mafuta ya moteri, yaani injini)

Fundi, hapa Katuba, Lubumbashi, wanauza kichupa cha nano ya shaba cha kumwaga ndani ya mafuta ya moteri. Kinapunguza msuguano kweli?

Katika maabara, ndiyo. Nano ni chembe za shaba ndogo mno, hazizidi nanomita 100. Zinajaza mikwaruzo ya chuma na kuacha utando laini, huo ndio unaolika kwanza. Kiasi kinachofaa aghalabu hakifiki asilimia 1 ya uzito wa mafuta. Ukizidisha, chuma kinaweza kulika zaidi. Shida ni kwamba chembe zinapenda kushikana. Watengenezaji makini huzivika asidi ya oleiki au kitu kama hicho ili zielee. Zisipovikwa, zinatuama chini ya karteri (chombo cha mafuta chini ya moteri) kama unga wa muhogo chini ya ndoo. Muuzaji asiyejua zimevikwa nini na ni kiasi gani, mwachie kichupa chake. Na kuna jambo hatakwambia: shaba huharakisha mafuta yenye joto kuoksidika, yaani kuharibiwa na hewa.

Shaba iko tele kwetu Lubumbashi. Nikiisaga kwa tupa je?

Utakuwa umetengeneza msasa. Unga wa tupa ni mkubwa mara mamia kuliko hizo chembe.

Filta haitazizuia?

Moja moja zinapita, maana filta ya kawaida inakamata vitu vya makumi ya maikromita, vikubwa mara mamia kuliko hizo. Madonge yatabaki humo.

Niweke kwenye moto (pikipiki) yangu ya kubeba abiria?

Usiguse! Moto nyingi klachi yake inaogelea katika mafuta yaleyale ya moteri. Ukiyafanya yateleze mno, klachi nayo itateleza, na abiria atashuka mlimani atembee. Nunua bidoni (dumu la mafuta) iliyoandikwa JASO MA, alama ya mafuta yanayofaa klachi ya namna hiyo, yatosha.

Nikitia nano, naweza kuchelewesha vidanje?

Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka, na bado linaletwa na watu wa malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, wanaojua vizuri jibu lake. Hapana. Vumbi jekundu linalopita kwenye filta ya hewa iliyotoboka, masizi, asidi za mwako: hakuna chembe inayoviondoa. Vinatoka pamoja na mafuta machafu. Isitoshe, mafuta mazuri ya moteri tayari yana dawa ya zinki ya kulinda chuma, iliyoanza kutumika tangu miaka ya 1940. Mnaruka filta ya bei ndogo, mnakimbilia kichupa cha bei kubwa. Tena mafuta ya bidoni isiyo na kizibo chenye lakiri, ya kupimiwa barabarani, mengine yamekwisha kutumika na kuchujwa kwa kitambaa.

Moteri inatoa moshi wa bluu. Nano itaiponya?

Mara nyingi ni segma (pete za pistoni) zimekwisha, ndugu. Fungua moteri.