Maswali ya wasomaji: Protini zimeshikana, sawa, zinaachiana lini?

SWALI: Habari dada, mi niko Morogoro nasoma masters ya biokemia, nafanyia kazi protini ya vimelea vya malaria. Supavaiza wangu anasema ELISA, kile kipimo cha rangi kwenye sahani, haitoshi, nikapime na kwa SPR, ile mashine ya mwanga na chipu ya dhahabu. Sasa kama ELISA imeshaonyesha zinashikana, hiyo nyingine ya nini tena? Halafu wakisema dhahabu "inapiga resonansi" huwa naitikia tu.

JIBU: Salama mdogo wangu. Tuanze na hiyo dhahabu maana usipoielewa hata grafu hutaiamini. Chipu ni kipande cha kioo kilichopakwa dhahabu nyembamba mno, kama nanomita 50 hivi, mwanga unapigwa kutoka chini kupitia prizimu na karibu wote unarudi, isipokuwa kwenye pembe moja ambapo elektroni za kwenye dhahabu zinaunyonya na kuanza kuyumba kwa pamoja, hiyo ndo resonansi yenyewe, na hapo unaona mwanga unaorudi umefifia ghafla. Hiyo pembe inategemea nini kimekaa juu ya dhahabu, na ni karibu sana, nanomita mia mbili mia tatu tu. Kwa hiyo protini moja unaigandisha kwenye chipu, ya pili unaipitisha juu yake na bafa (maji ya chumvi yanayotunza pH), zikishikana pembe inasogea, zikiachiana inarudi, na mashine inachora sekunde kwa sekunde. Hakuna rangi wala lebo. Waswidi kule Linköping ndo walioonyesha mwaka 1983 kwamba hii inaweza kupima kingamwili, na mashine ya Biacore ikaingia sokoni 1990.

Sasa ELISA. Wewe unaosha sahani mara ngapi? Kila ukiosha, vilivyoshikana kidhaifu vinaondoka na maji, unabaki unaandika "hakuna kitu" wakati kitu kilikuwepo. Na kwenye malaria hili si dogo hata kidogo! RH5, protini ya kimelea cha falciparum, inashika basigin, protini iliyo juu ya chembe nyekundu ya damu, watafiti wa taasisi ya Sanger kule Uingereza walilitangaza hilo 2011, na kwenye SPR KD yake (kiwango cha protini kinachojaza nusu ya nafasi za kushika, kikiwa kikubwa mshiko ni hafifu) ilitoka karibu maikromola 1, yaani mshiko hafifu tu na wa haraka kuachia. Ili kuuona kwanza ilibidi protini zifungwe tano tano ili zishike kwa pamoja, halafu SPR ikaja kupima moja kwa moja. Ila ukizuia mshiko huo hafifu kimelea hakiingii kwenye chembe. Chanjo ya RH5 leo imeshajaribiwa hadi Bagamoyo, kwa watu wazima na watoto. Mi hilo linanigusa kweli, kwa hiyo naomba usidharau mshiko hafifu.

La pili ni muda. Chukua kingamwili mbili zote KD yake nanomola 10. Ya kwanza inashika haraka na kuachia kwa kasi ya 0.01 kwa sekunde, nusu yake imeshatoka ndani ya sekunde 69. Ya pili inashika polepole lakini inaachia kwa 0.0001, hiyo nusu inatoka baada ya karibu saa 1 na dakika 55. Ni kama kumbi mbili za harusi zote zina watu mia muda wote, ila moja watu wanaingia na kutoka mlangoni, nyingine wamekaa mpaka keki ikatwe. Ukiangalia namba moja tu ya KD huoni tofauti hiyo, na kwa dawa au chanjo tofauti hiyo ni kubwa.

Ukifika kwenye mashine usijaze protini nyingi kwenye chipu, hapa ndo wengi wanaharibu, maana ikijaa molekuli inayoachia inadakwa tena na jirani na wewe unadhani mshiko ni mkali. Weka chaneli tupu ya kulinganishia, bafa ya sampuli iwe ileile inayopita kwenye mashine (DMSO, kile kiyeyushio cha dawa, ikizidi kidogo tu grafu inaruka), na kama unatumia kingamwili nzima igandishe yenyewe kwenye chipu, mikono yake miwili isije ikashika mara mbili. Na kwenye tasnifu weka grafu zenyewe, si jedwali la KD peke yake. Mi nikiona jedwali tupu siliamini.

SWALI: Mi sihusiki na protini, natengeneza tabaka za polima. SPR inaweza kunipimia unene?

JIBU: Inaweza, hata tabaka la nanomita chache tu. Shida ni kwamba grafu moja inachanganya unene na jinsi mwanga unavyopinda ndani ya polima, tabaka nene kidogo na tabaka zito kidogo yanaweza kutoa pembe ileile. Pima kwa rangi mbili za mwanga, au kwenye hewa halafu kwenye maji kama polima yako haivimbi, hapo utavitenganisha. Fedha inatoa mfifio mwembamba kuliko dhahabu, ni nzuri kwa usahihi, ila inachafuka haraka kwa hiyo ifanyie kazi ikiwa mpya.