Gari limevutwa hadi yadi: naweza kukata kufuli nikalichukua?

SWALI: Niliegesha kwenye maegesho ya duka, nikaingia jengo la jirani kwa dakika chache. Kurudi, gari limeshavutwa. Bango la onyo lipo, ila lori lilikuwa limeliziba. Jamaa mmoja ananiambia kadi ya gari ina jina langu, hivyo nikakate kufuli ya yadi nilichukue. Ni sawa?

JIBU: Usiiguse hiyo kufuli. Huyo jamaa naye mwambie akakate ya kwake.

Ushauri huu nausikia kila mara, na wanaoutoa ni walewale: vishoka wanaoshinda nje ya yadi na "mawakili" wa simu wanaouza barua za vitisho zilizonakiliwa. Umiliki haubishaniwi, hata mwenye yadi anajua gari ni lako. Kinachobishaniwa ni ridhaa: ulipoegesha, ulijua au ulipaswa kujua kwamba gari lingeweza kuvutwa? Dakika zako chache hazisaidii kitu. Lori ndilo hoja yako, nawe umelitaja kwa kupita tu! Mwaka 2000 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilimpa haki mwanamke aliyefungiwa gurudumu la gari kwenye eneo binafsi, kwa kuwa gari jingine lilikuwa limeficha bango na hakuliona.

Basi tafuta picha au shahidi wa lile lori. Lipa, maana ada ya kulaza gari hupanda kila siku, lakini andika kwenye risiti kuwa unalipa huku ukipinga. Kagua bampa na magurudumu kabla hujatoka. Kisha dai fedha zako.

Ukikata kufuli, wewe mwenye madai unageuka mshtakiwa, na habari ya lori hakuna atakayeiuliza tena.

Barua za kunakili nazo ni hatari kwa sababu sheria hazifanani. England na Wales, tangu Oktoba 2012, kuvuta gari kutoka eneo binafsi bila mamlaka ya kisheria ni kosa la jinai. California inaruhusu, kwa masharti. Kifungu cha England ukikipeleka California, umejiaibisha bure. Huko California, ukilikuta gari limeshafungwa kwenye winchi lakini halijatoka eneo lile, dereva analazimika kukuachia ukiomba, kwa ada isiyozidi nusu ya ile ya kawaida. Angalia kama kwenu kuna kifungu cha namna hiyo kabla ya kumlipa mtu wa barua.