Seladoni: mchungaji wa Ufaransa, bakuli la Uchina

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ile rangi ya kijani mpauko iitwayo seladoni, jina lake limetoka wapi na lina maana gani?

Ni jina la mtu wa kubuni. Mwaka 1607 Mfaransa Honoré d'Urfé alianza kuchapisha riwaya ndefu, L'Astrée, ambamo yumo mchungaji Céladon, kijana anayeteswa na mapenzi. Riwaya ilivuma mno. Kijani hafifu cha utepe wa Céladon kikaitwa kwa jina lake, na baadaye Wafaransa wakavibandika jina hilohilo vyombo vya Kichina vya rangi hiyo.

Wapo wanaodai asili yake ni Salahuddin, sultani wa Misri, ambaye husemwa alimtumia Nuruddin, mtawala wa Shamu, zawadi ya vyombo hivyo. Hadithi tamu, ila hainiingii akilini. Waarabu na Waajemi walikuwa na jina lao, martabani, kutokana na bandari ya Martaban huko Burma. Jina la sultani lingeshika kwao kwanza, si Paris.

Vyombo vyenyewe ni vikongwe kuliko riwaya. Mafundi wa Longquan, katika jimbo la Zhejiang, walivipaka rojo lenye chuma kidogo tu kabla ya kuvichoma. Tanuri likinyimwa hewa, chuma hicho hutoa kijani. Hewa ikizidi, chombo hutoka cha manjano au kahawia. Wakubwa wa nchi za Kiislamu walivithamini hata kwa imani kwamba sumu ikitiwa ndani, bakuli hupasuka. (Nani alijitolea kulijaribu hilo?)

Huku pwani tulivijua mapema. Vigae vya seladoni vimefukuliwa Kilwa, Shanga na pia Gede, ambako mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948. Waungwana wa Kilwa walipakuliwa chakula katika mabakuli hayo katika karne ya 14, Céladon hajaandikwa bado. Inanichekesha kwamba leo tunaliuliza jina kwa Wafaransa.

Kuhusu rangi yenyewe: ina ujivujivu ndani yake, mara nyingine na kabuluu kwa mbali. Muuza rangi akikupa kijani cha ndimu changa akakiita seladoni, mrudishie kopo lake.