Baba mdogo, kuhusu ile ardhi ya Marekani

Shikamoo baba mdogo. Ujumbe wako nimeupata, na nakujibu bila kuzunguka. Umesema Marekani ilijengwa na watu waliofika mikono mitupu, wakafyeka pori, wakawa na mashamba makubwa. Sasa mimi niliyefika na elimu yangu nimekwama wapi, mpaka leo bado napanga nyumba?

Ninapoishi, St. Charles, Missouri, si mbali na bonde la Femme Osage alikomalizia maisha Daniel Boone. Huyo ndiye Wamarekani wanayemtaja kwanza wanapowasimulia watoto habari za hao wafyeka pori wako. Nimekwenda kuiona nyumba aliyofia. Ni ya mawe ya chokaa, kuta nene kiasi kwamba mtoto anaweza kukaa dirishani akakunja miguu. Ukiiona utasema mzee alijaliwa. Lakini nyumba ni ya mwanawe, Nathan. Mzee alifariki humo tarehe 26 Septemba 1820, akikaribia miaka 86, na ardhi aliyopewa ilikuwa imeshauzwa kulipa madeni.

Na si kwamba alikuwa mvivu. Mwaka 1775 aliongoza watu kukata njia kupitia Cumberland Gap, pengo la milimani, hadi Kentucky, wakajenga ngome ya Boonesborough. Wanawe wawili, James na Israel, waliuawa katika mapigano na wenyeji wa asili waliokuwa wakiipigania nchi yao. Kilichomshinda ni ofisi. Sheria ya Virginia, jimbo lililoitawala Kentucky wakati huo, ilitaka kwanza ununue kibali, kisha uandikishe eneo, upimiwe, ndipo upate hati. Vipande vilipimwa kimoja juu ya kingine, watu watatu wanadai kilima kimoja, na aliyekamilisha hatua zote ndiye aliyeshinda. Boone alishindwa kesi baada ya kesi, madeni yakamwandama. Mwaka 1799 akahama na ukoo wake kuja huku Missouri, wakati huo ikiwa chini ya Hispania. Alikuwa mhamiaji kama mimi, baba, katika nchi yenye utawala mwingine na lugha nyingine.

Hapa ndipo ungempenda, wewe uliyekaa baraza la kata miaka yote ile ukisikiliza kesi za mipaka. Mwaka 1800 Wahispania walimpa uhakimu wa eneo lake. Hakuna wakili, hakuna wazee wa kukaa naye. Anasikiliza mwenyewe, anaamua papo hapo. Watu wa hapa husimulia kwamba alikuwa akiketi chini ya mti mkubwa. Mwizi mdogo alichapwa viboko, akaenda zake, kesi imekwisha. Watu walimheshimu kwa sababu hakuwa na upendeleo.

Huyo hakimu, aliyeamua mashauri ya wenzake, ardhi yake mwenyewe ilimponyoka tena! Alipewa arpenti 1,000, kama ekari 850 hivi. Luteni gavana wa Wahispania alimwambia kwamba kwa cheo chake hana haja ya kwenda kuishi pale na kulima kama sheria ilivyotaka. Neno la mdomo. Uthibitisho wa ofisi kuu ya Wahispania huko New Orleans hakuufuata. Mwaka 1804 Marekani ikachukua utawala, na tume ya ardhi ikalikataa dai lake. Bunge lilimrudishia mwaka 1814, baada ya mkewe Rebecca kufariki, naye akauza kuwalipa waliomdai Kentucky.

Na hiyo mikono mitupu, baba, naomba tusiirudie. Mwaka 1787 huko Kentucky Boone alikuwa na watumwa 7. Na bonde hili lilikuwa nchi ya Waosage, wenyeji wa asili. Sisi watu weusi tukisimulia historia hii tusiwasahau waliolima bila kulipwa.

Sasa mimi. Usiku nafanya kazi ghalani, na wenzangu wengi ni Wakongo, kwa hiyo Kiswahili nakisema zamu nzima. Kazi ni ngumu lakini inalipa. Kilichonirudisha nyuma ni makaratasi ya uhamiaji: wakili mmoja alipokea ada yetu, faili halikufika popote, tukaanza upya na mwingine. Bila yale makaratasi benki hainikopeshi kwa riba ya kawaida, na bila mkopo hapa mtu wa kipato changu hanunui nyumba. Ndiyo maana napanga. Sijalewa, sijapotea, wala sijawasahau.

Kiwanja cha Kihonda ulichoniandikia, pesa nitatuma. Ila usimpe muuzaji hata shilingi kwa mkataba wa kwa mwenyekiti wa mtaa peke yake, hata kama ni rafiki yako wa msikitini. Niletee namba ya kiwanja na kitalu, nenda ofisi ya ardhi ya manispaa wafanye upekuzi, unipigie picha majibu yenye muhuri. Nikiyaona, siku hiyohiyo naingiza kwenye akaunti yako.

Wasalimie wote, na mama mdogo mwambie dawa za presha zinakuja na mgeni mwezi ujao.