Jibu: Mistari ing'aayo kwenye ncha ya ufa, ni ulikaji au ni galiamu?

Habari mkuu. Kwa ulivyoeleza, umekata ncha ya ufa wa aloi ya alumini na zinki kwa mwale wa ioni za galiamu, na sasa darubini ya elektroni inaonyesha mipaka ya punje (fuwele ndogo zinazounda metali) iking'aa. Unauliza kama ndiyo ulikaji wenyewe, yaani metali kuliwa na kemikali.

Anza na spektra ya eksirei, yaani grafu ya nishati ambayo vilele vyake huonyesha elementi zilizomo. Vilele vya chini vitakudanganya: zinki iko 1.01 keV (kilo-elektronivolti, kipimo cha nishati) na galiamu 1.10, vinapandana. Tazama 8.64 kwa zinki na 9.25 kwa galiamu. Ukikikuta hicho cha pili, ni uchafu wa ukataji. Galiamu hupenya mipaka ya alumini hata kwenye joto la kawaida la chumba, na kumalizia ukataji kwa mwale dhaifu wa kilovolti 2 hakuondoi iliyokwisha kuzama.

Kata upya kwa plazma ya zenoni, au poza sampuli wakati wa kukata. Tangulia kuweka platinamu kwa mwale wa elektroni, ioni zisiguse uso. Punguza unene wa sampuli hadi chini ya nanomita 100. Na maji usiyasogeze karibu na sampuli kabisa! Kloridi (chumvi za klorini) zilizomo ndani ya ufa zitayeyuka, na hizo ndizo unazozitafuta.