CD za mgongo mweusi kwenye PS5, Contra ya baba, na Xbox isiyo na mlango

SWALI: Habari za kazi, kaka fundi. Mdogo wangu anayefanya kazi Muscat alikuja likizo, akaniachia PS5 yake ya mlango wa diski ili wanangu wachezee. Nikaenda kufukua sanduku la chini ya kitanda, humo zimo CD zetu za utotoni: Tekken 2, Syphon Filter, na gemu za mpira za Winning Eleven kama nne hivi. Nikachomeka ya Tekken. Ikanguruma kidogo, ikanyamaza, ikaandika kwamba diski haitambuliki. Kijana wa duka la simu hapa mtaani anataka elfu themanini anitilie gemu mia tano za zamani. Nimpe? Na CD nizitupe?
Dada wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Usimpe, dada, na usitupe.

PS5 haisomi CD. Sisemi za PS1 tu, hata CD ya taarabu ukiitia haitapiga. Jicho lake ni la DVD na Blu-ray, na diski za gemu inazokubali ni za PS4 na PS5 basi. Za PS2, ambazo nyingi ni DVD, itaziona, lakini haitazicheza.

Hebu kwanza zigeuze hizo CD zako. Zenye mgongo mweusi ni halisi. Zenye mgongo wa fedha au wa kijani ni za kuchoma, kama zilivyokuwa zetu wengi. Niliendesha kibanda cha gemu Magomeni tangu 2000 hadi 2007. Nilikuwa na PS nne, benchi mbili na shilingi mia kwa mechi, na CD nyeusi nilikuwa nayo moja tu, tena nilipewa. Sony walikuwa wameficha herufi nne kwenye duara la ndani kabisa la diski kwa kuuyumbisha mstari wake: SCEI ya Japani, SCEA ya Marekani, SCEE ya Ulaya. Kompyuta ya kuchomea CD haiwezi kuiga ule mtikisiko. Ndiyo maana mashine zetu zilikuwa na chipu. Kazi ya chipu ilikuwa moja: mashine inapoita herufi zile, yenyewe inaitika, kama rafiki anayekuitikia jina darasani siku uliyotoroka.

Winning Eleven nazo zilikuwa za Kijapani. Kwenye TV zetu za PAL, yaani mfumo wa picha wa Ulaya uliotumika huku kwetu, nyingine zilitoka nyeusi na nyeupe, na hakuna aliyejali. Vijana wasiojua neno la Kijapani walijua menyu kwa kuhesabu: chini mara mbili, duara, kulia, duara. Kwa Wajapani duara ndiyo ilikuwa “ndiyo”. Mpaka leo nikishika padi kidole kinaenda kwenye duara chenyewe.

Tuje kwenye PS5. Gemu za zamani huingia kwa njia moja, nayo ni duka la PlayStation la mtandaoni. Hapo ndipo watu wetu wanapoumia, kwa sababu wanafikiri wananunua kitu. Unachopewa ni ruhusa, na ruhusa hiyo inafungwa kwenye akaunti, siyo kwenye mashine. Mimi akaunti yangu ya kwanza alinifungulia mtoto wa shangazi yangu kwa barua pepe yake, akiwa na nia njema kabisa. Akabadilisha simu, akasahau neno la siri, na gemu zangu kumi na moja zikapotea hivihivi. Mashine ipo mezani, inang'aa, ila haina kitu. Basi usitumie akaunti ya mdogo wako. Fungua yako, kwa barua pepe yako na namba yako.

Utakapofungua utaulizwa nchi. Tanzania hutaiona kwenye orodha, wala Kenya. Afrika Kusini ipo, Uingereza ipo, Oman nayo ipo. Chagua kwa utulivu, maana nchi ya siku ya kwanza ndiyo utakayokaa nayo, huwezi kuibadilisha. Kadi za salio lazima ziwe za nchi ileile: ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza. Mimi nina jamaa Leicester wa kuninunulia, kwa hiyo nilichagua Uingereza. Wewe una mdogo wako Muscat. Kadi za mitaani ziogope. Niliwahi kununua moja kwenye duka fulani mjini, nikaikwangua mwenyewe, namba ikakataa. Ilikuwa imeshatumika. Niliporudi, muuzaji akaniuliza kama nina uhakika nimeikwangua vizuri.

Ukishaingia, kuna kununua na kuna kulipia kwa muda. Syphon Filter na Tekken 2 zote zinauzwa moja moja, na nilipoangalia mara ya mwisho kila moja ilikuwa chini ya dola 10. Ukinunua ni yako, maadamu akaunti ni yako. Kulipia kwa muda kunaitwa PlayStation Plus. Gemu za zamani zimo kwenye daraja la juu, Premium, ambalo nchi nyingine kama Afrika Kusini wanaliita Deluxe. Utapewa rundo, lakini ukiacha kulipa rundo lote linafungwa. Wewe unataka gemu mbili. Nunua mbili.

Jambo jingine: zilipoingia PS5 mwaka 2022, baadhi ya gemu za PS1 nje ya Marekani ziliwekwa toleo la zamani la Ulaya, la picha 50 kwa sekunde badala ya 60. Watu walilalamika, na Sony wakaongeza chaguo la toleo la Kimarekani. Ukihisi ngumi za Tekken zinatembea kama mtu aliyeshiba futari, angalia kwenye machaguo ya gemu.

Winning Eleven hutaikuta, na hili huwa linawauma wasomaji kuliko yote. Gemu ya mpira imejaa vitu vya watu: majina, jezi, nembo za klabu, viwanja, nyimbo. Kila kimoja kina mkataba wa miaka michache, na ukiisha gemu inaondolewa sokoni. Hata zamani ilikuwa vurugu hivyohivyo, ndiyo maana kwenye matoleo ya Ulaya kulikuwa na beki wa kushoto wa Brazil aliyeitwa “Roberto Larcos” badala ya Roberto Carlos. Konami wenyewe, watengenezaji wa Winning Eleven, tangu 2021 wanatoa eFootball ya bure. Wanao wataipenda. Wewe hutaipenda.

Kijana wa duka la simu atakuwa anataka kuivunja kufuli mashine. Huo siyo uchipu wa zamani. PS1 haikuwa na mtu wa kuiripoti kwake. PS5 ikivunjwa kufuli inabidi ibaki na programu ya zamani, isisasishwe, na ikiingia mtandaoni Sony wana uwezo wa kuifungia moja kwa moja. Gemu mpya za mdogo wako hazitafunguka tena. Halafu kama nawajua vijana hawa, hizo mia tano ni arobaini zilizorudiwarudiwa.

CD za mgongo mweusi tafutia PS3 ya mkono wa pili. Aina zote za PS3 zinasoma CD halisi za PS1, na ina waya wa HDMI, kwa hiyo TV yako bapa haitakusumbua. Za kuchoma zinahitaji PS1 au PS2 yenye chipu. Ukipata PS1 ya mwanzo kabisa, jicho lake linatembea kwenye reli ya plastiki iliyo karibu na sehemu ya umeme. Plastiki inalika kwa joto, jicho linainama. Ndiyo maana tulikuwa tunazigeuza miguu juu. Wateja walidhani ni uchawi.

SWALI: Shikamoo mzee. Babangu amestaafu bandarini. Zamani alikuwa akicheza Contra na Mario kwa ile TV gemu ya kaseti ya manjano. Nimepata Nintendo Switch ya mkono wa pili, nataka nimpe Idi hii. Je, nitalazimika kulipa kila mwaka? Na data yangu ni ndogo mno.
Kijana wa Likoni, Mombasa

JIBU: Marahaba mwanangu. Umenifurahisha.

Data isikutishe. Super Mario Bros. ya 1985 yote, kuanzia bomba la kwanza mpaka binti mfalme, ina kilobaiti 40. Picha moja ya WhatsApp aliyokutumia shangazi yako asubuhi ni kubwa kuliko hiyo. Kaseti kubwa kabisa za Nintendo 64 zilikuwa megabaiti 64. Kitakachokula data yako ni masasisho ya mashine yenyewe, kwa hiyo siku ya kwanza ipeleke kwa mwenye Wi-Fi.

Mario utampata kwa kulipia Nintendo Switch Online. Bei ya Marekani niliyoiona ni dola 19.99 kwa mwaka, na ukitaka gemu za mashine za zamani za Nintendo 64 na Sega pia ni 49.99. Unapakua programu moja kwa kila mashine ya zamani, na gemu zake zote zimo ndani. Sharti lake: mashine ionane na intaneti angalau mara moja kila siku saba, la sivyo gemu hazifunguki. Mwashie mzee intaneti ya simu yako kila Ijumaa mkitoka msikitini, inatosha. Kuhusu nchi, Nintendo ni waungwana kidogo. Unaweza kubadilisha nchi ya akaunti, mradi huna salio lililobaki.

Contra ni bora uinunue. Kuna mkusanyiko wa Konami wa 2019 unaoitwa Contra Anniversary Collection, humo imo ile ya kaseti. Ukinunua umemaliza, hakuna cha kila mwaka. Juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A kwenye ukurasa wa mwanzo, na mzee anapata maisha 30. Usimkumbushe. Mwache uone kama vidole vinakumbuka vyenyewe.

Ukishaunganisha, nenda kwenye mipangilio ya TV, tafuta hali ya gemu, uiwashe. TV bapa hupenda kupamba picha kabla ya kuionyesha, na kwa ule muda mdogo Mario anakuwa ameshaanguka shimoni huku baba anaapa kuwa alibonyeza. Picha itakuja ya mraba, na weusi pande zote mbili. Iache hivyo. Wengi wanaivuta ijae, na Mario anakuwa mnene kama mlevi wa mnazi. Na kama mzee ataanguka shimoni kwa kosa lake mwenyewe, kwenye programu ya gemu za Nintendo za zamani ashike ZL na ZR kwa pamoja. Muda unarudi nyuma. Kaseti ya manjano haikuwa na huruma hiyo.

SWALI: Fundi, nina diski za Xbox 360 kumi na mbili. Nimenunua Xbox Series S. Nazitia wapi?
Msomaji wa Dodoma

JIBU: Huna pa kuzitia, ndugu yangu. Series S haina mlango wa diski. Series X inao, na inakubali diski za 360, ila haichezi kutoka kwenye diski. Inaitumia kama ufunguo tu, kisha inapakua gemu nzima upya mtandaoni, na diski lazima ibaki ndani kila unapocheza. Hata hivyo siyo gemu zote. Microsoft wana orodha ya zinazokubalika, na waliongeza za mwisho Novemba 2021. Itazame kabla hujaanza kutafuta wa kubadilishana naye mashine. Na kama 360 yako bado inawaka, usiiuze.